Baba karudi na waya kichwani, mtetemo nao umerudi

Shikamoo Bibi Nesi,

Mimi ni mtoto wa pili kwa baba yangu, tunaishi Mbagala. Baba ni fundi seremala, karakana yake ipo Keko tangu sijazaliwa. Miaka tisa iliyopita mkono wake wa kushoto ulianza kucheza wenyewe. Tulidhani ni uchovu wa randa. Baadaye hospitalini wakatuambia ni ugonjwa wa Parkinson. Vidonge vilimsaidia miaka kadhaa, halafu vikawa vinafanya kazi saa mbili tu, vikiisha anakaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

Mwaka huu ukoo ulikaa kikao. Tukauza kiwanja cha Chanika, ndugu wakachanga, baba akapelekwa India kupandikizwa mashine ya kuchochea ubongo. Mimi ndiye niliyekwenda naye. Walimtoboa fuvu pande mbili wakapitisha nyaya mbili mpaka ndani, zikashushwa chini ya ngozi nyuma ya sikio la kushoto, zikapita shingoni hadi kwenye betri iliyo chini ya mtulinga.

Bibi, siku ya pili baada ya upasuaji, mashine ikiwa bado haijawashwa, baba alishika kikombe cha chai kwa mkono mmoja na hakikumwagika hata tone. Nikarekodi video nikarusha kwenye grupu la familia. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, baba mdogo akachinja mbuzi. Wiki ya pili mtetemo ukarudi. Wiki ya nne wakaiwasha mashine kwa kiwango kidogo, mtetemo ukapungua lakini si kama siku ile ya chai. Tukaruhusiwa. Sasa tuna wiki tatu nyumbani, na wametupa miadi ya kurekebisha mashine ikitimia miezi mitatu.

Nyumbani ndiko kwenye vita. Baba mdogo anasema tumetapeliwa, mbuzi wake ameliwa bure. Kaka anasema vidonge viachwe kwa kuwa mashine ipo, na mama kwa kumsikiliza ameshakata kile cha mchana. Shangazi kaleta unga wa upupu na anataka baba apelekwe kwa mtu wake Mkuranga akachanjwe. Jirani anafanya kazi mahali wanapokanda misuli kwa mashine ya joto, anasema atamfanyia bure. Kaka mdogo naye anataka Jumapili twende Kigamboni baba akaoge baharini, maji ya chumvi yakaushe kovu. Baba alikulia Kilwa, anaogelea kama samaki, kwa hiyo hilo ndilo pekee alilolifurahia.

Maana mengine hayafurahii. Amekuwa mkimya, mara analia, mara anamfokea mama anapomlisha. Akiongea ni kama ana tonge mdomoni. Usiku hujilaza na redio yake kifuani kama zamani, asikilize taarifa ya habari mpaka usingizi umchukue. Asubuhi anaamka anatetemeka kuliko jana yake. Ile rimoti tuliyopewa mama ameifungia sandukuni, anaogopa wajukuu wataichezea wamdhuru babu yao.

Bibi, tulikosea? Kiwanja hakirudi.

Binti wa Fundi, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, nenda kwenye hilo sanduku uitoe rimoti. Mengine utayasoma ukiwa nayo mkononi.

Umeniandikia kuhusu redio kama mtu anayesimulia mazoea ya mzee, na mimi hapo ndipo nilipoiweka chini chai yangu. Spika ya redio ina sumaku. Mashine hizi hazipatani na sumaku, na baadhi yake, hasa za aina ya zamani, sumaku ikikaribia betri huzima au kuwaka. Sikwambii kwamba ndicho kinachotokea kwa baba yako. Ninachokwambia ni kwamba unaweza kujua kesho alfajiri: kabla hajanyanyuka kitandani, weka rimoti pale juu ya betri kama mlivyofundishwa usome kama mashine inawaka au imezima. Ikiwa imezima, mna jibu la asubuhi zenu. Ikiwa inawaka, basi sababu ni ile ya kawaida ya wagonjwa wa Parkinson, kwamba kidonge cha jioni kimeisha nguvu usiku na cha asubuhi hakijaingia, na hilo daktari hulipangia dawa. Vyovyote iwavyo, redio ihamie kwenye stuli, mbali na kifua. Na simu isikae mfuko wa shati wa kushoto. Najua mafundi, simu, futi na risiti vyote hukaa humo humo.

Rimoti si ya kufungiwa. Wajukuu wafundishwe kutoigusa, kama wasivyogusa msumeno. Mzee mwenyewe aijue, na mama aijue. Luku ikiisha au umeme ukikatika mtaa mzima msiwe na hofu, mashine haitegemei umeme wa ukutani, ina betri yake. Angalieni tu kwenye karatasi zenu kama betri yake ni ya kuchajiwa. Kama ni hiyo, chaja iwe na siku na saa yake, msingoje mpaka ikaribie kwisha ndipo mkumbuke, maana siku hiyo ndiyo umeme utakapokatika. Isiyochajiwa hudumu miaka kama mitatu hadi mitano kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo wa kifuani, kichwa hakiguswi.

Sasa chai ya siku ya pili, maana ndiyo iliyowagawa.

Zamani, kabla ya mashine hizi, madaktari walikuwa wanatuliza mtetemo kwa kuchoma sehemu ndogo sana ndani ya ubongo. Kabla ya kuchoma walipima kwa umeme kwanza wajue wamefika panapotakiwa. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid akiwa kwenye upasuaji wa namna hiyo aliona kwamba umeme wa kasi wenyewe unautuliza mkono, bila kuchoma chochote. Ndiko ilikotoka fikra ya kuacha waya ndani na kuuwekea betri. Marekani iliiruhusu tiba hiyo kwa mtetemo mwaka 1997, na kwa Parkinson mwaka 2002. Si kitu cha majaribio alichopewa baba yako.

Sasa fikiria waya huo unavyoingia. Ni mwembamba kama tambi, lakini unapita kwenye nyama laini kuliko maini, ukielekea mahali padogo kuliko punje ya harage. Ukipita unaacha jeraha dogo na uvimbe. Uvimbe huo kwa siku chache hufanya kazi ile ile ya wale waliokuwa wakichoma, mtetemo unanyamaza. Uvimbe ukinywea, mtetemo unarudi. Kwa hiyo kikombe kile hakikushikwa na mashine, wewe mwenyewe umesema ilikuwa haijawashwa. Kilishikwa na jeraha. Mtetemo kurudi wiki ya pili ni dalili kwamba ubongo unapona, na madaktari huwa wanausubiri upone ndipo wawashe. Laiti wangewaambia hivyo kabla hujarusha ile video. Huenda waliwaambia, ila katika furaha ile nani angesikia.

Kuwasha nako ni kuanza tu. Waya una ncha kadhaa za kutolea umeme, na kila ncha inaweza kupewa nguvu yake. Daktari huanza chini makusudi, kisha hupandisha kidogo kidogo huku akipunguza vidonge, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu hadi sita na safari kadhaa za kliniki. Hayo maneno ya tonge mdomoni nayo huenda ni ya umeme, nguvu ikimwagikia sehemu ya jirani ulimi unakuwa mzito, na mara nyingi hurekebishika. Ndiyo maana miezi mitatu naiona mirefu kwa mgonjwa aliyetoka na kiwango kidogo. Waandikieni wiki hii. Waulizeni mambo mawili: mashine ya baba ni ya aina inayoweza kurekebishwa kwa mbali kupitia intaneti, na kama sivyo, miadi inaweza kusogezwa mbele? Na huku nyumbani mwombeni daktari wa mishipa ya fahamu anayemfahamu mzee awe na nakala ya karatasi zote za India. Mgonjwa wa mashine hii asikose daktari wa karibu.

Mkienda kwenye hayo marekebisho nendeni na daftari. Mama aandike saa ya kidonge, saa mkono ulipotulia, saa alipokaza, saa alipoanguka kama alianguka. Wewe unajua kurekodi video, basi rekodi dakika moja asubuhi na dakika moja jioni: atembee, afungue vifungo, aandike jina lake. Mbele ya daktari wagonjwa hujikaza, kila kitu kinaonekana kizuri, mkifika Mbagala mambo ni yale yale. Daftari halijikazi.

Kidonge cha mchana kirudi leo. Sisemi haya kumlaumu mama, anapoambiwa na mwanawe mkubwa afanye nini? Lakini mwambie kaka yako kwamba mashine na vidonge vinavuta mkokoteni mmoja. Levodopa, ndiyo dawa iliyo kwenye vidonge hivyo, ikikatwa ovyo mtu anaweza kukakamaa mwili mzima na kupanda homa kali, na hiyo ni safari ya hospitali. Vidonge vitapungua, pengine sana, ila atakayevipunguza ni yule anayepandisha umeme. Cha mchana kimezwe nusu saa kabla ya chakula. Nyama na maharage vikikitangulia tumboni, dawa inagombania njia navyo na inashindwa kuingia.

Huo unga wa shangazi, sitaucheka. Mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, ile ile ya kwenye kidonge, kwa hiyo shangazi hakuokota jambo barabarani. Tatizo ni kwamba kijiko cha leo na cha kesho havilingani. Juu ya vidonge na umeme, baba yako ataanza kujinyonganyonga kama anayecheza ngoma asiyoisikia, na daktari atapandisha au kushusha mashine kwa kufuata kitu asichokijua. Mshukuruni shangazi, unga mkauweke pembeni, na mkienda kliniki mseme kama aliutumia.

Chale hapana. Dua na zisomwe, maji ya dua anywe, lakini wembe usiguse kichwa, shingo wala kifua cha mzee huyu. Vijidudu vikishaingia kwenye waya, dawa peke yake mara nyingi haivitoi, mashine yote hung'olewa na kiwanja cha Chanika kinakuwa kimezikwa mara mbili. Kwa sababu hiyo hiyo, kila anapooga mtu amtazame kichwani, nyuma ya sikio na kifuani. Wekundu, joto, uvimbe unaoongezeka, maji maji au usaha, ngozi nyembamba mpaka waya unaonekana, hayo si ya kupaka mafuta. Ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hana homa. Akichanganyikiwa ghafla, akishikwa na degedege, akipooza upande au kichwa kikimuuma isivyo kawaida, msipite zahanati, nendeni moja kwa moja Muhimbili.

Nikitaja zahanati nikumbuke na hili, maana limewahi kunikuta wodini. Mgonjwa wa Parkinson akitapika, akaenda mahali wasipomjua, huchomwa metoklopramide, sindano ya kuzuia kutapika inayotumika kila siku. Kesho yake amekaza kama gogo. Andikeni kwa herufi kubwa nyuma ya kile kikadi cha mashine: mgonjwa ana Parkinson, asipewe metoklopramide. Kikadi akitembee nacho, hata uwanja wa ndege awaonyeshe askari, wampekue kwa mkono badala ya kile kifaa cha kupitisha mwilini.

Kwa jirani yenu wa mashine ya joto sina mzaha. Mwambieni hapana, na mwambieni sababu ili asimfanyie mwingine. Mashine zile za kupasha misuli joto kwa mawimbi, wataalamu huziita diathemi, zikimgusa mtu mwenye nyaya hizi, hata zikiwekwa gotini, nguvu yake inaweza kupita kwenye waya na joto likaishia kwenye ncha, ndani ya ubongo. Kuna wagonjwa walioharibika ubongo kabisa kwa njia hiyo. Haijalishi mashine imewashwa au imezimwa. Akitaka kumkanda, akande mgongo na miguu kwa mikono yake na taulo la maji ya moto, mbali na makovu. Na siku mkiandikiwa kipimo cha MRI, kile cha picha kwa sumaku kubwa, popote, asiingie kabla aliyefunga mashine hajasema kama aina hiyo inaruhusu na iwekwe vipi. Eksirei ya kawaida haina neno.

Sasa Kigamboni, na hapa nasikitika kwa kuwa umesema ndilo alilolifurahia. Kovu la wiki saba halikaushwi kwa maji ya bahari. Lakini hata likishakauka, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2019 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti wagonjwa tisa wa Parkinson waliokuwa waogeleaji wazuri, waliowekewa mashine kama ya baba yako, wakatulia vizuri mtetemo, kisha walipoingia majini wakakuta hawawezi tena kuogelea. Mikono na miguu haikupatana. Mmoja alijirusha ziwani kwa kujiamini, ikabidi aokolewe. Watatu kati yao walipozimiwa mashine, kuogelea kukarudi pale pale. Kwa hiyo mzee aliyekulia Kilwa, anayejiona samaki, ndiye wa kuogopewa kuliko asiyejua maji. Mpelekeni Kigamboni, akae mchangani ale samaki wa kukaanga, kaka mdogo aloweke miguu kwa niaba yake. Siku daktari akiruhusu bahari, aanzie maji ya magotini, na mtu mzima mwenye nguvu awe amemshika.

Nimeuacha mwisho ukimya wake. Hapa ndipo ningekuwa nyumbani kwenu nisingeondoka mapema.

Kulia, kukosa hamu, hasira za ghafla, na kwa wengine kinyume chake, kununua ovyo na kutolala, vyote vinaweza kuletwa na umeme wenyewe au na dawa zilizokatwa. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kuangaliwa zaidi, wapo wanaofikia kutaka kujidhuru. Muulize waziwazi, "Baba, umewahi kuona heri ufe?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake na mumpeleke hospitali leo. Akisema hapana, bado muandike kwenye daftari, maana daktari wa mashine asipoambiwa ataangalia mkono tu.

Lakini mwanangu, si kila chozi ni la umeme. Huyu ni mwanamume aliyelala akiwa macho wakamtoboa fuvu au karibu na hivyo, akarudi akakuta ndugu wanapiga hesabu ya mbuzi sebuleni, analishwa kwa kijiko mbele ya wajukuu na mke ambaye alikuwa akimjengea makabati. Mimi ningefoka pia. Mama aache kumlisha. Mpeni kikombe kizito chenye mshikio mkubwa, kijazwe nusu. Bakuli liwe na kina, chini yake kitambaa kilicholowa lisiteleze. Atamwaga. Afute mwenyewe. Achukue nusu saa kwa ubwabwa wa dakika kumi, hakuna basi linalomwacha.

Na baba mdogo aambiwe na mtu wa rika lake, si na wewe. Mashine hii haiponyi Parkinson na hakuna aliyeahidi hivyo. Inapunguza mtetemo, ukakamavu na uzito wa mwili, inarefusha zile saa nzuri. Kuyumba na kuanguka mara nyingi haikusaidii sana, ndiyo maana zulia la mlangoni litolewe. Unaniuliza kama mlikosea. Mashine iliyowashwa kwa kiwango kidogo wiki tatu zilizopita huwezi kuihukumu, ni kama kukataa kabati ambalo bado halijapigwa msasa.

Msasa ndio huo. Kunyanyua mbao, kuinua mkono wa kushoto juu ya bega na kuinama sana bado, mpaka daktari aseme, na ile misumeno ya umeme aiache kwa vijana wake. Lakini mpelekeni Keko saa mbili asubuhi baada ya kidonge kushika, kwa bajaji taratibu, mumpe kiti na kipande cha mninga apige msasa. Vijana wamuulize vipimo. Akisema mmepinda, wavunje warudie.

Halafu mtazame pale anapovaa kofia yake. Nimekaa na maseremala, najua penseli zao zinakaa wapi. Kama yake ilikuwa sikio la kushoto, pale ndipo nyaya zinapopita na ngozi bado ni changa. Ihamie la kulia.

Bibi Nesi